Barua ya mkaguzi wa hataza
Jana nilipokea barua ya mkaguzi wa hataza, yaani haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi, kuhusu kasha letu la betri ya pikipiki ya umeme, nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba ungali begani. Dai la kwanza kati ya yale tunayoomba yalindwe, la mrija bapa wa kupozea unaojipinda katikati ya safu za seli za milimita 18 kwa 65, limekataliwa kwa kukosa upya, kwa kuwa hati ya zamani ya Marekani inaonyesha mrija uleule kwenye gari, nasi hatukutaja pikipiki ndani ya dai. Hapo hana kosa. Dai la nne, la mpini ambao ukiinuliwa hukata umeme kwanza ndipo betri ichomoke, hakulipinga. Usiku nimeyaandika madai upya nikianzia mpini huo, ambao, nakiri, tuliuchora mwisho kabisa, bila kuongeza lolote lisilokuwamo katika maelezo ya awali ya ombi letu.