Siku yangu meza ya kwanza, hema la kutoa damu Mombasa

Saa kumi na mbili asubuhi niko feri ya Likoni nimebanwa na mikokoteni, saa mbili hema lishasimama Mwembe Tayari. Sindano sishiki mimi. Mimi ndo yule wa meza ya kwanza na fomu, yule asiyependwa, manake nauliza ya ndani: umelala na nani miezi hii, ushawahi kujidunga, nyumbani kuna mwenye homa ya ini? Watu huona umbea tu.

Saa tatu mpaka saa tano ni wanafunzi, vicheko, wengine hawafiki kilo 50 wanarudishwa.

Saa tano unusu akaja kaka mmoja, dadake kalazwa angoja operesheni, familia imeambiwa irudishe damu. Kila swali "hapana" hata sijamaliza kuuliza. "Dada, nimekuja kutoa damu, sikuja kuposa!" Foleni yote ikacheka. Sasa mkononi ana tatuu, ati ya zamani, ya zamani gani na ngozi bado yabanduka? Akawaka: si mtaipima hiyo damu, maswali ya nini? Hilo ni swali zuri wallahi, nikamjibu na foleni ikinung'unika. Kila mfuko twaupima ukimwi, kaswende, hepatitisi B na C, ndo hizo homa za ini, lakini virusi vikiwa vichanga mwilini vyaweza kukaa wiki kadhaa kipimo hakijaviona, na mfuko mmoja hugawanywa, chembe nyekundu huku, plazma, yale maji ya damu, kule, kwa hivyo uongo mmoja waweza kufikia wagonjwa watatu, na mmoja wao pengine ni dadako. Kimya. Halafu akasema alichorwa wiki iliyopita, sindano ile ile ya rafiki yake. Nikamrudisha, nikamwambia aende apimwe, arudie tena baadaye, na akiwa salama aulize chanjo ya B. Akaondoka kanuna, akanitupia neno ambalo siandiki hapa.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena, jua, kiu, viazi karai vimepoa kwenye karatasi.

Alasiri ofisini, mzee mmoja tuliyemwita kwa majibu. B imeonekana. "Mimi siumwi popote mwanangu." Ndo ilivyo, ini huliwa kimyakimya miaka. Watoto Kenya walianza kupewa hiyo chanjo 2001, yeye wapi na wapi. Alichoogopa ni sahani, kama ameambukiza wajukuu kwa kula pamoja. Hapana baba, si sahani wala kikombe, ni damu, ni kitandani, ni mama kwa mtoto akizaliwa, ni wembe wa kushirikiana. Mkewe na watoto waje wapimwe. Dawa zipo za kuituliza, ile C ndo huponywa kabisa kwa vidonge vya miezi kama mitatu. Alitaka nirudie yote mara ya pili, nikarudia.

Jioni msimamizi ananiuliza mbona mifuko michache leo. Nikamsukumia fomu za niliowarudisha, azisome mwenyewe.