Tuombe Heri juu ya mchanga

Kunduchi, Jumapili usiku.

Leo maji yamepwa sana. Ni bamvua la mwezi mpevu, na siku kama hizi tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3, ufuo ukafunguka hadi majani ya bahari yakabaki yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Nimeshinda chini ya banda la makuti, pembeni ya Tuombe Heri, mashua ya baba, nikimsubiri fundi. Ahadi yangu na mdogo wangu ilikuwa kwamba ikifika leo jioni tutakuwa na jibu moja: tuitengeneze Tuombe Heri au tuiuze kwa bei ya mbao na tununue boti mpya ya faiba.

Baba aliiunda mwaka 1988, hapa hapa ufukweni, yeye na rafiki yake aliyekuwa fundi. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, na mataruma, yaani mbavu za ndani, ni mbao ya mtondoo, ubavuni mvule, nyuma imekatwa wima kama mashua nyingine za pwani hii. Urefu wake futi 26. Kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha kuvulia. Baba alipoacha uvuvi ikawa ya matembezi ya visiwani: Mbudya siku ya Idi pili, Bongoyo tukipata wageni kutoka bara. Baba alifariki miaka miwili iliyopita na tangu siku hiyo haijagusa maji. Niliifunika turubai, nikajenga banda juu yake, nikamlipa kijana awe anaifagia majani. Niliona naitunza.

Mdogo wangu ana sababu zake na sitaki kuzifanya ndogo. Mwezi wa Machi, baba akiwa bado hai lakini mgonjwa, tulikuwa tunarudi kutoka Mbudya, kaskazi iko mwisho mwisho na upepo unabadilika kila dakika. Tulipiga bisho, kwenda mshazari kuupinga upepo, mara nne bila kupata njia ya maana. Mara ya tano mshono mmoja, pale ubao unapokutana na mwenzake, chini karibu na mkuku ukaachia na maji yakaingia kwa sauti, si kwa kuchuruzika. Mdogo wangu alifua maji kwa sufuria tuliyopikia wali. Mwanawe, wakati huo ana miaka sita, alikuwa ameukumbatia mlingoti, hataki kuuachia hata baada ya kufika. Tangu siku hiyo mdogo wangu akisema neno "mbao" huwa namsikia mtoto yule analia.

"Dada, tununue faiba tupumzike," ameniambia zaidi ya mara kumi.

Kwa hiyo juzi Ijumaa nilitoka shule saa tisa nikaenda kwenye karakana moja inayotengeneza boti hizo. Nilikwenda na moyo mweupe. Nilipitisha kiganja ubavuni kwa boti mpya, nyeupe, laini kama bakuli la kauri, hakuna mshono hata mmoja kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma. Ikikaa nchi kavu miezi sita, unaishusha inaelea siku hiyo hiyo. Haihitaji kalafati, ile kazi ya kuziba mishono kwa pamba, wadudu wa chumvi wanaotoboa mbao hawana kazi nayo. Nilisimama pale nikafikiri: kwa mtu anayefundisha darasa la nne Jumatatu hadi Ijumaa na kusahihisha madaftari Jumamosi, hiki ndicho chombo. Nilikuwa karibu kabisa kukubali.

Halafu nikauliza kama inaweza kuwekwa mlingoti.

Yule kijana wa karakana alinijibu vizuri, bila kutaka kuniuzia kwa nguvu. Aliinama akanionyesha chini ya boti. Pako bapa. Imechongwa kwa ajili ya mashine, iteleze juu ya maji. Haina mkuku wa kushika maji, kwa hiyo ukiipandishia tanga na upepo ukaja wa ubavuni, itakwenda upande kama kaa badala ya kwenda mbele. Boti za faiba zenye mkuku mzito na matanga zipo, alisema, zile zinazofunga nanga Msasani, lakini hizo huagizwa kutoka nje na bei yake sikuuliza. Hii yake na mashine yake ya nyuma ni shilingi milioni 24. Juu ya hapo petroli, ambayo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wanatupa bei yake mpya.

Nilirudi na daladala nimenyamaza. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunabishana kuhusu kikuukuu na kipya, kumbe vyombo vyenyewe havifanyi kazi moja. Tukinunua ile, hakuna mtoto katika ukoo wetu atakayejua henza, kamba ya kupandishia tanga, ni ipi na demani, ya kulivutia, ni ipi. Hatajua kwa nini asubuhi unatoka na upepo wa nchi kavu na alasiri unarudi na wa bahari. Baba hakuniachia nyumba wala shamba. Aliniachia hayo, na aliniachia mimi, mtoto wa kike, wakati wazee wenzake walimwambia anapoteza muda.

Fundi amefika leo saa nne, yule yule rafiki ya baba, sasa anatembelea fimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mbona umeifungia ndani kama mwali?"

Aliondoa turubai mwenyewe. Kwa karibu saa mbili hakuniambia kitu. Alipita ubao kwa ubao akigonga kwa nyundo ndogo, sikio limeinamishwa, na mimi nyuma yake nikijaribu kusikia anachosikia. Baada ya muda nikaanza kusikia kweli. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu ya juu. Ubao uliooza hujibu kama unagonga mto. Penye shaka alichomeka ncha ya kisu. Kilipoingia kwa urahisi mara nyingi ni pembezoni mwa msumari, kwa sababu msumari wa chuma ukishika kutu huila mbao inayouzunguka, na tundu hupanuka hadi msumari unashikilia hewa. Alipofika kwenye mkuku alipiga magoti, jambo ambalo kwa miguu yake si dogo, akaugonga wote hadi mwisho. Kisha akakaa mchangani akaomba maji ya kunywa.

"Chombo hiki hakijazeeka. Kimekauka."

Mbao saba za kubadilisha, zote chini ya mstari wa maji, na mataruma mawili. Mkuku mzima. Lakini mishono yote imeachia, na mwanga unapita ukiwa ndani. Mbao ya chombo hunywa maji ikavimba, ikajikaza na mwenzake, na hiyo ndiyo inayoziba kuliko hata pamba. Miaka miwili ya banda langu na turubai langu iliinyima hayo. Hata ule mshono wa Machi, alisema, ulitokana na chombo kukaa juu miezi mitatu baba alipolazwa, sisi tukakisukuma majini asubuhi na kupanda mchana ule ule. Angekuwepo baba angekiacha kiloe siku mbili, watu wakifua maji kwa zamu, kabla hajampakia mtoto. Sisi hatukujua. Nililia kidogo pale na fundi akaangalia baharini.

Gharama yake yote, mbao, misumari, pamba, rangi, deheni ya kupaka chini ya chombo na ufundi, ni milioni 5 na laki 8. Pesa hiyo ninayo. Ambacho sina ni siku za wiki, na chombo cha mbao kinadai siku. Hapo ndipo nilipokwama hadi alasiri, kwa kuwa kukitengeneza halafu kukirudisha chini ya makuti ni kukiua mara ya pili, na hapo bora nilinunue lile bakuli jeupe.

Nimekwenda kwa baharia wa zamani wa baba. Ana vijana wawili wakubwa na hawana chombo, wanavua kwa vyombo vya watu. Tumekubaliana hivi: siku za kazi Tuombe Heri ni yao, watatoka nayo nje ya visiwa, maana Mbudya na wenzake ni hifadhi ya bahari tangu 1975 na hakuvuliwi pale. Sehemu ya chombo katika mapato haitaingia mfukoni mwangu. Itawekwa kwa ajili ya kalafati na tanga jipya, kwani lile la kitambaa cha merikani alilolishona baba limeliwa na panya. Jumapili ni yetu.

Saa moja usiku nikampigia mdogo wangu. Nilimweleza yote, pamoja na ya Machi. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia televisheni ya kwake.

"Jaketi okozi kila mtoto," akasema.

"Kila mtoto na kila mtu mzima. Na mkaguzi wa vyombo wa TASAC akione kwanza."

"Na wanangu hawapandi mpaka mimi mwenyewe nimelala ndani yake usiku mzima kikiwa majini."

"Tutalala wote wawili."

Kusi imekwisha nguvu, bahari itatulia wiki kadhaa kabla ya kaskazi kuanza, na fundi ataingia kazini kesho. Jioni nilipitia kwa wauza samaki nikanunua kidumu cha sifa, mafuta ya papa ya kupaka mbao, lita tano, nimekiweka nyuma ya jiko. Sifa haifichiki. Harufu imefika mpaka chumbani, ile ile ya shati la baba akirudi, na dirisha nimeliacha wazi.