Nilifuta noti ubaoni, tukaanza na miguu

Kipindi changu cha kwanza cha muziki nilichora mistari mitano ubaoni. Lilikuwa darasa la pili, watoto 48. Nikaweka ufunguo wa sol, ile alama ya mwanzo inayoonyesha noti ya sol inakaa mstari upi, nikapanga noti, nikaeleza ipi ni ndefu na ipi ni fupi. Watoto wakanakili kwa utulivu kabisa, vichwa vimeinama, penseli zinakwaruza. Kengele ilipolia ndipo nikatambua kwamba dakika 40 za somo la muziki zimekwisha na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti.

Iliniuma, kwa sababu watoto hao hao nilikuwa nimewaona saa ya mapumziko wakiruka kamba huku wakiimba. Kamba inapiga chini, miguu inapaa, maneno yanaingia mahali pake, hakosei mtu. Muziki walikuwa nao tayari. Mimi ndiye niliyewafungia mlango.

Kipindi kilichofuata nilifuta ubao, tukasukuma madawati ukutani, tukaanza kutembea.

Wazo la kutembea si langu. Émile Jaques-Dalcroze, Mswisi aliyezaliwa 1865 na kufundisha muziki Geneva, aliona kuwa wanafunzi wake wanajua kanuni na vidole vyao ni vyepesi, lakini mdundo hawauhisi mwilini. Akawainua vitini, akawafundisha kwa hatua na mikono. Mimi nilikuwa na kigoma kimoja tu. Nikipiga polepole wanatembea kizito, nikiharakisha wanakimbia kwa ncha za vidole, nikinyamaza wanaganda kama sanamu. Mchezo huo karibu kila mwalimu anaujua. Uligeuka kuwa somo siku nilipoongeza sharti moja: kigoma kikinyamaza, miguu isimame lakini mapigo yaendelee kichwani, na baada ya mapigo manne kila mtu apige kofi moja.

Mara ya kwanza makofi yalitawanyika kama kokoto zilizomwagwa sakafuni. Tukarudia. Tukarudia tena siku ya pili na ya tatu. Kisha siku moja likatoka kofi moja tu, pa!, la watu 48. Wakatazamana, macho yamewatoka. Walikuwa wamehesabu kimya kimya, kila mtu peke yake, wakafika pamoja.

Niseme hapa kwamba mchezo wa kugombea viti niliuacha mapema. Anayekosa kiti hutolewa nje, na mara nyingi anayetolewa wa kwanza ndiye anayehitaji mazoezi kuliko wenzake. Kwangu hatolewi mtu. Aliyekosea anakuja kukamata kigoma, anapiga yeye, na akishapiga mapigo yaliyonyooka kwa dakika moja anarudi mchezoni akiwa amejifunza kitu.

Miguu ilipotulia tukaingia kwenye maneno. Vitabu vingi hufundisha mdundo kwa silabi: “ta” kwa pigo zima, “ti-ti” kwa pigo lililogawanywa mara mbili. Nilitaka watoto wapate vitu wanavyovijua, nikachukua majina ya wanyama. Tembo, simba, paka, nyoka, wote hao ni ti-ti, bila shida. Nikahitaji mnyama wa “ta”, wa kofi moja. Nikamchagua nzi.

“Nzi,” nikasema, nikapiga kofi moja.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. “Mwalimu, mbona nzi ana makofi mawili?”

“Hebu rudia, mwanangu, nisikie.”

Akasema taratibu huku akipiga: “N-zi.”

Alikuwa sahihi. Ile n ya mwanzo ni silabi inayosimama yenyewe, tena ndiyo inayobeba mkazo. Tukajaribu nge, ikawa vilevile. Tukajaribu mbwa, vilevile. Darasa zima likaanza kuwinda mnyama wa kofi moja, wakamkosa. Nilikuwa nikizungumza Kiswahili tangu nizaliwe na sikuwahi kulisikia jambo hilo mpaka mtoto wa miaka minane aliponisikilizisha. Jibu nalo lilitoka kwao: mmoja akaangusha daftari lake makusudi, akasema, “Pu!” Tanakali ya sauti. Kofi moja, safi. Basi ubeti wetu wa kwanza ukawa huu: tembo, tembo, tembo, pu! Mapigo manne kamili. Tukautembea, tukaupiga mapajani, tukagawana, upande huu tembo, upande ule pu.

Kisha akaja kiboko. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo uzito wa kiboko uko kwenye “bo”. Niliwaambia wakanyage pale neno linapokuwa zito. Bila kuelekezwa zaidi, “ki” waliisema mguu ukiwa hewani, “bo” mguu ukatua. Walipoyafululiza, kiboko-kiboko-kiboko, ikawa BO-ko-ki, BO-ko-ki, na miili ikaanza kuyumba kwa tatu tatu. Mambo mawili ambayo huwatesa hata wanakwaya watu wazima, kuanza wimbo kabla ya pigo zito na kwenda kwa mapigo matatu, waliyapata kwa neno moja.

Sauti zilinipa kazi kubwa kuliko mdundo. Nilipowaambia, “Imbeni juu kidogo,” walipiga kelele. Nikawakaripia, nikarudia, wakapiga kelele zaidi. Baadaye nikaelewa kuwa wananitii. Mtu akisema sauti ya juu, mwingine anasikia ukali wa noti na mwingine anasikia ukubwa wa sauti. Nikayaweka pembeni maneno juu na chini kwa mwezi mzima. Tukabaki na nene na nyembamba kwa upande mmoja, kubwa na ndogo kwa upande mwingine. Mbu ana sauti nyembamba na ndogo. Filimbi ni nyembamba na kubwa. Radi ni nene na kubwa. Radi ya mbali ni nene na ndogo.

Michezo miwili ilitenganisha mambo hayo. Wa kwanza: mtoto mmoja anatoka nje, tunaficha dasta, anarudi kuitafuta. Darasa linaimba noti moja tu. Akikaribia sauti inakuwa kubwa, akienda mbali inapungua. Sharti ni kwamba noti isipande hata akiwa amekaribia kabisa, na hilo ni gumu, kwa sababu furaha huivuta sauti ipande. Wa pili: ninachora mstari ubaoni kwa chaki, unapanda, unashuka, unajikunja, na wao wanaufuata kwa sauti inayoteleza, kwa kunong’ona karibu. Hapo walijifunza kwamba wembamba hauhitaji nguvu.

Tatizo lingine lilikuwa langu mwenyewe. Mimi ni mwanamume, sauti yangu ni nzito, na nyimbo nilikuwa nazianzia pale koo langu linapopumzika. Watoto wakawa wananguruma kama watu waliochoka, nami nikadhani ni uvivu, nikawaambia hivyo. Neno hilo najutia hadi leo. Watoto wa umri ule huimba kwa raha kuanzia noti ya re iliyo juu ya do ya kati, ile ya katikati ya kinanda, hadi noti ya la au ya si. Nilipopandisha wimbo, na kumwachia mtoto mmoja aanzishe badala yangu, darasa likang’aa.

Hapo tukaongeza mikono. Ishara za mikono za solfa, yaani kuimba noti kwa majina yake ya do, re, mi, zilizoenezwa na mchungaji John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, na baadaye zikatumiwa na wafuasi wa Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, zinamfanya mtoto aone noti inakaa wapi: do ni ngumi, mi ni kiganja kilicholala kikitazama chini, sol ni kiganja kinachotazama kifua. Majuma kadhaa tulitumia sol na mi peke yake. Hata mahudhurio niliita kwa noti hizo. Naimba jina, mtoto anajibu, “Nipo,” kwa wimbo ule ule.

Katika kuita majina nilimkuta mvulana mmoja ambaye noti zake zote zilikuwa moja, nene. Wenzake walicheka siku ya kwanza, nikawasimamisha. Nilijaribu kumvuta aje kwenye noti yangu, hakuja. Siku moja nikafanya kinyume, nikaifuata yake. Nikavumisha sauti ile ile aliyokuwa akiitoa, nikiwa nimeinama karibu naye. Akanyamaza, akanitazama, akaitoa tena taratibu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia sauti mbili zikiwa moja na kujua kwamba moja ni yake. Kutoka hapo tulipanda ngazi moja moja. Ilichukua muhula mzima, na sol yake mpaka leo huyumba kidogo, lakini anaisikia inapoyumba.

Chupa za maji nazo tulizichezea sana. Ukiigonga chupa, maji yakiongezeka sauti inakuwa nene. Ukiipuliza mdomoni, maji yakiongezeka sauti inakuwa nyembamba, kwa kuwa safari hii kinachotikisika ni hewa iliyobaki. Niliwaacha wagombane juu ya hilo kipindi kizima kabla sijasema neno.

Ubaoni nilirudi baada ya kama miezi mitatu. Sikuchora mistari mitano. Nilichora vijiti: jozi ya vijiti viwili vilivyounganishwa juu, jozi nyingine, jozi nyingine, kisha kijiti kimoja peke yake. Nikasogea pembeni, sikusema kitu. Kimya kikakaa kidogo. Kisha sauti ikatoka nyuma ya darasa: “Tembo, tembo, tembo, pu!” Na wote wakaurudia kwa kofi.

Yule msichana wa dawati la mbele akainuka, akaniomba chaki. Akachora vijiti viwili, akaviunganisha kwa juu, akageukia wenzake.

“Nzi,” akasema.