Uwatu wa mama na vidonge vyake vya sukari

Mama yangu ana kisukari aina ya pili, na miaka mingi kabla hajapewa kidonge cha kwanza alikuwa na uwatu wake. Hapa Lamu si ajabu. Uwatu huingia kwenye achari, wenye asili ya Hadhramaut huupiga povu wakala hulba, na mzazi akishajifungua hupikiwa uji wake ili maziwa yapatikane. Kwa hiyo ndugu zangu waliponitwika kazi ya kusimamia dawa za mama, nilijua kumwambia aache uwatu ni kujitafutia maneno tu. Nilichotaka ni kujua anakunywa kiasi gani, saa ngapi, na mwili wake unaupokeaje.

"Hiki ni chakula," akaniambia. "Na chakula nacho wataka kukipima, mwanangu?"

Ni chakula kweli, jamii moja na kunde na dengu. Lakini mbegu zile zikilala majini usiku mmoja hutoa ute mzito unaoteleza, na ute huo ndio wenye shughuli. Ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, na zikifika tumboni huchelewesha wanga kusagika na sukari kuingia kwenye damu. Ndani ya mbegu mna pia asidi ya amino ambayo maabarani imeonekana kulichochea kongosho litoe insulini. Tafiti kwa wagonjwa wa kisukari, nyingi za kutoka India, zimeona sukari ikishuka kiasi. Ila nyingi ni ndogo, na kila moja ilitumia kipimo chake: kuna waliopewa gramu chache kwa siku, na kuna waliopewa gramu 100 za unga uliotolewa mafuta na uchungu. Anayekuambia kijiko fulani ndicho dozi iliyothibitishwa, huyo mara nyingi ana uwatu wa kuuza.

Mama alikuwa akitumia vidonge viwili vya sukari, metformin na glibenclamide. Metformin ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide ni jambo jingine: hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala, na hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mtu mzima ambaye figo zake zimechoka. Ukiongeza juu yake kitu kingine kinachoshusha sukari, usicheleweshe chakula.

Hilo tulilishuhudia wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita. Nyumba ilijaa wageni waliokuja kwa ajili ya maulidi ya Msikiti wa Riyadha, mama alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alikuwa ameshakunywa bilauri ya maji ya uwatu na vidonge vyake, kisha akawa anapakulia watu, yeye mwenyewe hajatia kitu kinywani. Mchana ukikaribia akakaa kwenye ngazi ya ua, buibui limeloa jasho, mkono unatetemeka hata pete inagonga sinia. Nikamuuliza neno, akanijibu lingine. Nikampima sukari: 3.1 mmol/L. Chini ya 4 ni hatari. Nilikoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikamnywesha taratibu, nikampima tena baada ya dakika 15. Ilipopanda ndipo nikampa mkate na maharagwe, kwa sababu sukari tupu haidumu. Wageni walidhani ni uchovu. Shangazi mmoja alishauri aongezewe uwatu apate nguvu. Nilimshukuru, nikaitoa bilauri chumbani.

Siku zilizofuata nilienda na mama kliniki, na nilibeba mbegu zenyewe kwenye mfuko. Nawashauri wengine wafanye hivyo. Mgonjwa akiulizwa anatumia dawa gani hutaja vidonge tu. Uwatu hautaji kwa sababu kwake si dawa. Tabibu hakukasirika wala hakucheka. Aliuliza anatumia kiasi gani, na hapo ndipo tulipogundua kwamba "kidogo tu" ya mama ni gao zima la mkono.

Tukakubaliana kijiko kimoja cha chai, kijiko kilekile kila siku, anywe pamoja na chakula. Vidonge vikae mbali na uwatu kama saa mbili, maana ute ule unaweza kuchelewesha dawa nyingine kuingia mwilini. Kumpima asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya mlo, na kuandika daftarini. Na siku asiyokula, uwatu hakuna.

Kuhusu tumbo, alijaa gesi na kuhara kidogo mwanzoni. Metformin nayo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo si vizuri kuanza vyote kwa pamoja. Hutajua ni kipi kinachokusumbua. Harufu ni jambo la kawaida: jasho na mkojo hunukia sukari iliyoungua, na leso zake zote zilinukia hivyo. Haina madhara.

Nilipoanza kuulizia, maswali yakanifuata mimi. Dada yangu mjamzito alitaka na yeye anywe, nilimkatalia. Kwenye mchuzi hakuna tatizo, ila kwa kiwango cha dawa uwatu unaweza kusisimua mji wa mimba. Jirani anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, nilimwambia asiuguse kabla ya kumwona daktari wake, kwa sababu damu inaweza kuzidi wepesi. Mwenye mzio wa karanga au dengu naye ajihadhari. Na kuna kijana aliyekuwa akiuchipua na kuula mbichi. Mwaka 2011 Ujerumani zaidi ya watu 50 walikufa kwa bakteria waliohusishwa na machipukizi ya uwatu ambao mbegu zake zilitoka Misri. Uchafu ndio ulioua, si uwatu, lakini joto na unyevu vinavyochipua mbegu huwakuza bakteria pia. Mimi huzipeta kwenye ungo, nachagua mawe, naosha, nazichemsha.

Kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu kiliporudi, kilikuwa kimeshuka. Mama pia alikuwa amepunguza sukari kwenye chai na kuacha kaimati za jioni, kwa hiyo siwezi kuupa uwatu sifa yote. Tabibu aliiondoa glibenclamide, metformin ikabaki. Mama anawaambia wenzake kwamba kidonge kile kimeondolewa na uwatu, nami simbishii maadamu kijiko kinabaki kimoja.