Siku yangu Warsaw: jaji huyu kateuliwa lini?

Saa 1:30 asubuhi. Nangoja tramu, baridi inang'ata masikio. Mimi ni mtu wa Tanga, karani katika ofisi ya wakili hapa Warsaw, Poland.

Saa 3. Kabla hata sijafungua jalada la mteja, naangalia jaji aliyepangiwa kesi aliteuliwa lini. Desemba 2017 sheria ilibadilishwa: wale wajumbe 15 wa Baraza la Taifa la Mahakama waliokuwa wakichaguliwa na majaji wenzao, sasa wakachaguliwa na wabunge. Na Baraza hilo ndilo linalompelekea rais majina ya majaji wapya. Tangu 2018 wamepitia mlango huo zaidi ya elfu mbili. Mawakili huwaita neosędziowie, yaani majaji mamboleo, na uhalali wao unabishaniwa. Wengine ni wachapakazi kweli kweli, nimewaona. Ila mlango ni ule ule. Serikali ilibadilika Desemba 2023, wao wapo.

Saa 5. Mteja, fundi bomba anayedai ujira wake, anauliza: "Nikishinda, halafu waseme jaji hakuwa jaji?" Bosi akamsimulia kisa cha Xero Flor, kampuni inayootesha nyasi na kuziuza zimekunjwa kama mkeka. Wanyamapori waliziharibu, kampuni ikadai fidia, shauri likafika hadi Mahakama ya Katiba. Tarehe 7 Mei 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg, ikasema mmoja wa jopo lile hakustahili kukaa pale: mwaka 2015 aliwekwa kwenye kiti ambacho tayari kilikuwa na mwenyewe. Fundi wangu hakucheka.

Saa 8 mchana. Nimepeleka nyaraka mahakamani, aleja Solidarności. Ukutani nje wameandika kwamba haki ndiyo nguzo ya nguvu na uimara wa Jamhuri. Foleni ndefu, mihuri, basi.

Saa 10 jioni. Napanga majalada, namkumbuka Paweł Juszczyszyn, jaji wa Olsztyn. Alidai kuona orodha za waliowadhamini wajumbe wa Baraza. Februari 2020 akasimamishwa kazi. Swali lake halina tofauti na langu la kila asubuhi, ila mimi nalipwa kuliuliza.

Saa 2 usiku. Mama kapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ile kesi ya fundi vipi, au ngedere mmempelekea nyani?"

"Hapana mama, jaji wa kesho aliapishwa 2009."

"Haya. Umekula lakini?"