Hela ya Bati na Hela ya Fundi

Mwaka 2016 nilikuwa mhazini wa chama chetu cha kusaidiana, sisi watu wa Kagera tunaoishi Mwanza. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mwanachama akifiwa tunachanga rambirambi, tunakodi Coaster ya kupeleka msiba nyumbani, daftari linafungwa mpaka msiba mwingine. Hatukuwa na utaratibu wowote wa kumsaidia mtu aliye hai lakini hana pa kulala.

Tetemeko lilipiga Jumamosi, tarehe 10 Septemba, saa 9:27 alasiri. Hata Mwanza tulilisikia. Pale Kirumba vyombo viligongana kabatini na watu wakatoka nje kuulizana. Kitovu kilikuwa Nsunga, wilayani Missenyi, na ukubwa wake ulitajwa kuwa 5.9. Kuna nchi ambako tetemeko la namna hiyo linapita watu wakiendelea na chai yao. Kwetu nyumba nyingi ni za matofali au mawe yaliyoshikwa kwa udongo, hazina lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na zile kuta za pembetatu za ubavuni zinazobeba paa ndizo zilizotangulia kudondoka. Watu 17 walifariki. Nyumba zilizoanguka au kupasuka zilikuwa maelfu.

Mama mdogo nilimpata kwa simu usiku. “Tuko wazima, waitu,” akasema, “ila nyumba imelala.”

Kesho yake michango ilianza kuingia kwenye simu yangu. Walituma hata watu ambao ada za mwezi tunawafukuzia mwaka mzima. Nguo zikaletwa pia, marobota kwa marobota, na ndani yake viatu vya visigino virefu na suti ya harusi iliyokosa suruali. Sijui aliyeileta alikuwa anawaza nini.

Tarehe 13 Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliendesha harambee Ikulu, Dar es Salaam, na ikatangazwa kuwa zimepatikana zaidi ya shilingi bilioni 1. Kwenye chama tukaanza kubishana: zetu ziende huko au tuzipeleke wenyewe? Tukakata shauri sehemu iende kwenye mfuko wa Serikali, nyingine tubaki nayo kwa ajili ya vijiji vyetu. Mwishoni mwa mwezi zikaja habari kwamba Rais ametengua uteuzi wa viongozi wawili huko mkoani, kwa madai ya kufungua akaunti nyingine ya michango yenye jina linalofanana na ile halali. Sina la kusema juu ya madai hayo. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo kila shilingi iliyokuwa kwangu iliulizwa ukoo wake, na waliokuwa wameahidi wakaacha kupokea simu.

Tukakaa kikao cha kuamua tununue nini. Wengi walitaka maturubai, maana ni rahisi kubeba na yanapigika picha vizuri. Kijana mmoja aliyewahi kujitolea Msalaba Mwekundu akaomba chaki. Turubai la msaada, akasema, kwa kawaida ni mita 4 kwa 6. Ukilitandika chini linafunika mita za mraba 24. Ukiliinua liwe paa lenye mteremko, na pembeni lishuke kukinga mvua, chini yake unabaki na kama nusu. Kipimo cha mashirika ya misaada ni angalau mita za mraba 3.5 kwa mtu mmoja, kwa hiyo familia ya watu sita inahitaji 21. Akachora mraba wa mtu mmoja pale sakafuni na kumwomba mwenyekiti alale ndani yake. Mwenyekiti ni mtu wa mwili. Mjadala wa maturubai uliishia hapo, tukahamia kwenye mabati ya kuezekea mabanda ya muda.

Hapo nako palizuka ugomvi wa geji, yaani unene wa bati: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni nyepesi na bei yake ni nafuu, ingefikia kaya nyingi. Wazee wakadai geji 28, kwa hoja kwamba bati la banda la leo ndilo litakalopanda kwenye nyumba ya keshokutwa. Likipinda kwenye banda utanunua mara mbili. Tukanunua geji 30, ambayo haikumfurahisha mtu. Tukaongeza misumari ya bati na waya, Fuso likapakia, nami nikapanda mbele na dereva. Kivukoni Kigongo foleni ilikuwa ndefu. Tulivuka Busisi jua limeshapanda, tukaingia Bukoba usiku.

Nyumbani kwa mama mdogo ndiko hesabu zetu zilikobadilika. Nilimkuta kibanjani, chini ya migomba, na turubai lake la msaada limefungwa kwa kamba kwenye miti miwili. Chumba kimoja kilikuwa kimebaki wima lakini hakutaka hata kukisogelea, kwa sababu ardhi ilikuwa bado inarudia kutikisika. Mabati ya nyumba ya zamani alikuwa ameshayatoa kifusini na kuyapanga, kila moja limeandikwa herufi ya jina lake kwa mkaa. “Haya nilinunua kwa kahawa,” akaniambia. “Nayajua moja moja.” Mengi yalikuwa yametoboka na kujikunja pembeni, lakini bado ni mabati.

Na hakuwa peke yake. Nyumba baada ya nyumba, bati za zamani zilikuwepo. Mikaratusi ya nguzo ilikuwepo shambani. Kilichokosekana ni misumari, papi (mbao za kupigilia bati), na mikono. Mama mdogo ni mjane, wajukuu wake ni wa shule ya msingi. Hata ungemshushia Fuso zima asingeweza kulipandisha juu.

Fundi wa pale kijijini alikuja tukazungumza. Alikuwa amekaa juu ya jiwe la ukuta ulioanguka, anang’oa misumari ya zamani na kuinyoosha kwa nyundo, watoto wanaikusanya kwenye kopo la rangi. Nikamuuliza kama angewasaidia wajane kwanza, kwa kujitolea. Hakuinua kichwa. “Kwangu pia imeanguka,” akasema. “Nikishinda kwa watu bure, kwangu nani atajenga? Na watoto wanakula nini?”

Vuli ilikuwa imeshaanza. Nikampigia mwenyekiti, tukakubaliana: mabati tuliyoleta yajazie tu palipopungua, na hela iliyobaki, iliyokusudiwa kununua Fuso la pili, ilipe mafundi na papi. Mafundi hawana risiti. Kila aliyemaliza banda aliweka dole gumba kwenye daftari langu, na mwenye banda akaweka la kwake pembeni.

Mtu anapenda kuchangia kitu anachoweza kukiona. Posho ya fundi haina picha. Mpaka leo naamini zile ndizo zilikuwa fedha zetu zilizofanya kazi kuliko zote, lakini kuwaeleza wenzangu haikuwa rahisi.

Kikao cha taarifa tulikifanya Januari 2017. Siku chache kabla, Rais Magufuli alikuwa Bukoba na kusema wazi kwamba Serikali haitamjengea mtu mmoja mmoja nyumba; itarudisha miundombinu ya umma. Waliokuwa wakingoja kujengewa wakajua kwamba mabanda yale yatakaa miaka. Pamoja na hayo, nilipofika kwenye mstari wa mafundi, mwanachama mmoja akasimama.

“Sisi tulichanga mabati. Hii posho nani aliipitisha?”

Nikaeleza, mwenyekiti akaeleza, yeye akabaki amesimama. Mzee mmoja akaomba daftari. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa madole gumba, akapita nao kwa kidole mpaka chini, kisha akageuza.

“Hili la huku ni la nani?”

“La shangazi yako, mzee.”

“Analala ndani?”

“Analala ndani.”

“Basi andika imepita,” akasema, na katibu akasoma ajenda inayofuata, wadaiwa sugu wa ada.