Mafuta mazito yanavyotoa umeme

Ukiona kituo kidogo cha umeme wa mafuta, usitazame jenereta kwanza. Tazama mabomba. Mafuta mazito, kama yanayochomwa na injini za Kipevu, Mombasa, yakipoa huwa kama uji uliolala, kwa hiyo matangi na mabomba hupashwa moto saa zote.

Kutoka tangi la kutulizia, mafuta huingia kwenye separeta yakiwa na nyuzi 98 hivi za Selsiasi. Huko huzungushwa kwa kasi mpaka maji na takataka zijitenge. Kisha hita huyapandisha hadi nyuzi 110 au zaidi, kulingana na uzito wake, ndipo nozeli, yaani kitundu kinachopulizia mafuta ndani ya silinda, iyanyunyize vizuri. Yakiwa bado mazito, matone huwa makubwa na hayaungui yote: moshi mweusi, nozeli zinaziba, masizi yanajaa kwenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Hapa ndipo injini nyingi huharibiwa bure.

Ndani ya silinda hakuna plagi ya kutoa cheche. Hewa iliyobanwa huwa na moto wa kutosha kuwasha mafuta. Pistoni husukuma krankishafti, yaani mhimili mkuu wa injini, nayo huzungusha rota, sehemu ya jenereta inayozunguka. Jenereta ya poli (ncha za sumaku) 12 ikizunguka mara 500 kwa dakika hutoa umeme wa hezi 50. Mzigo ukipanda, gavana, yaani kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, huongeza mafuta. Kila uniti moja ya umeme (kilowati-saa) hula takriban gramu 200 za mafuta.

Kabla ya kuzima kwa muda mrefu, hamia dizeli nyepesi injini ikiwa bado inafanya kazi, mpaka mafuta mazito yaishe kwenye pampu na nozeli. Yakigandia humo, kesho haiwaki.